‘Makosa ya kibinadamu’ viwandani: Yanaanzia wapi, yanazuiliwaje?

ILIKUWA yapata saa 3:45 usiku wa Julai 6, 1988, pale pampu moja iliposimama ghafla katika jukwaa la kuchimbia mafuta na gesi la Piper Alpha, lililokuwa katika Bahari ya Kaskazini, kilomita 190 hivi kutoka mji wa Aberdeen, Uskoti.

Wafanyakazi wa zamu ya usiku walijaribu kuiwasha tena bila mafanikio. Bila pampu ile, umeme wa jukwaa zima ungeweza kukatika na uzalishaji kusimama. Pampu ya pili, iliyoitwa A, ilikuwa pembeni, imezimwa kwa ajili ya matengenezo makubwa. Wakapekua makaratasi na kukuta kibali kilichoonyesha kwamba matengenezo hayo yalikuwa hayajaanza. Kwa ushahidi waliokuwa nao mikononi, pampu A ilikuwa nzima.

Ambacho hawakukiona ni kibali cha pili. Mchana wa siku hiyo hiyo mafundi wengine walikuwa wameifungua vali ya usalama ya pampu A ili waipime, na mahali pake wakafunika kwa kifuniko cha chuma cha muda. Hadi saa 12 jioni kazi ilikuwa haijakamilika. Msimamizi wao alirudisha kibali katika chumba cha kuendeshea mitambo, akamkuta mhusika ana shughuli nyingi, akaweka saini na kuondoka. Vibali vilihifadhiwa kwa kufuata sehemu ambayo kazi inafanyika, na kwa kuwa vali ile ilikuwa sehemu tofauti na pampu yenyewe, karatasi zake mbili hazikuwahi kukaa pamoja.

Pampu A ikawashwa. Gesi ikavuja kupitia kwenye kile kifuniko, na ilipofika saa 4 usiku mlipuko wa kwanza ukatokea. Watu 167 walipoteza maisha, 61 wakanusurika.

Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 1990, ulikuja na mapendekezo 106. Anayesoma habari za ajali hiyo akitarajia kumkuta mlevi, mvivu au mhujumu hatamwona. Atawakuta watu waliokuwa wakifanya kazi yao kama walivyoizoea kila siku, katika utaratibu ambao kwenye karatasi ulikuwa mzuri lakini kwa vitendo ulikuwa umelegea kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Hapa kwetu, ajali inapotokea kiwandani, taarifa ya kwanza huwa na maneno mawili ambayo sisi waandishi wa habari tumeyazoea mno: uzembe na makosa ya kibinadamu. Maneno hayo yakishatamkwa, jalada hufungwa. Opereta husimamishwa kazi, mwingine huletwa, naye huketi kwenye kiti kile kile, mbele ya swichi zile zile, akisubiri kukosea kosa lile lile.

Wataalamu wa usalama waliacha kuridhika na jibu hilo zamani. Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1990, aliyagawa makosa kwa namna ambayo hadi leo inatumika katika viwanda vya mafuta, umeme na usafiri wa anga. Lipo kosa la mkono kuteleza: mtu anajua anachotaka kufanya, lakini anabonyeza swichi ya jirani. Lipo la kusahau, mfano fundi anayefunga bolti zote isipokuwa moja kwa sababu aliitwa kwenye simu katikati ya kazi. Lipo la kuamua vibaya, ambapo mtu anatekeleza kwa ufasaha jambo lisilo sahihi kwa kuwa ameielewa hali vibaya. Na lipo la kukiuka utaratibu kwa makusudi, mara nyingi si kwa ubaya, bali kwa sababu njia ya mkato ndiyo inayomwezesha kumaliza kazi kwa muda aliopewa na bosi wake.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa anayetaka kuzuia ajali, kwa kuwa kila kosa lina dawa yake. Aliyesahau bolti hasaidiwi na semina. Alikuwa anajua kwamba bolti hufungwa. Kinachomsaidia ni orodha ya kazi anayoitia alama hatua kwa hatua, ili akirudi kutoka kwenye simu ajue aliishia wapi. Aliyebonyeza swichi ya jirani hasaidiwi na barua ya onyo. Anasaidiwa na swichi zinazotofautiana kwa umbo na rangi na zisizobanana. Aliyeamua vibaya ndiye hasa anayehitaji mafunzo na taarifa sahihi. Huyu wa kukiuka kwa makusudi ndiye pekee ambaye nidhamu inaweza kumhusu, na hata kwake ni vyema uongozi ujiulize kwanza kama kazi inawezekana kumalizika kwa wakati bila kukiuka.

Katika shughuli zote za kiwandani, matengenezo ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Mtambo unaozunguka bila kuguswa hukosewa mara chache. Unapofunguliwa na kufungwa tena ndipo hatari inapoingia, na hasa wakati wa kufunga. Reason alikuwa na mfano wa bolti moja yenye nati nane, kila moja ikiwa na nafasi yake. Kuzitoa kuna njia moja tu. Kuzirudisha kuna mipangilio 40,320, na ulio sahihi ni mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kufungua redio au jiko la mafuta nyumbani na kubakiwa na skrubu mbili mkononi anaelewa.

Oktoba 23, 1989, katika kiwanda cha plastiki cha Pasadena, jimbo la Texas, Marekani, wafanyakazi wa mkandarasi walikuwa wakizibua bomba lililoziba. Vali iliyotenganisha bomba hilo na mtambo wenye gesi ilifunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya upepo kupitia mipira miwili: mmoja wa kufungua, mwingine wa kufunga. Wachunguzi walikuta mipira hiyo imepishana, hivyo swichi ilipoonyesha vali imefungwa, vali ilikuwa wazi. Gesi ilitoka kwa wingi na kulipuka. Watu 23 walikufa na wengine zaidi ya 300 walijeruhiwa.

Kilichowezesha kosa hilo ni kitu kidogo sana: viungio vya mipira yote miwili vilifanana. Vingekuwa na ukubwa tofauti, fundi angeweza kuchoka, kuharakishwa au kupotewa na mawazo kadiri ya uwezo wake, na bado asingeweza kuipachika vibaya.

Kanuni hiyo si ngeni kwa mafundi wetu. Mchomeleaji yeyote wa Gerezani au Keko anajua kwamba mtungi wa gesi ya kuchomelea hufungwa kwa kuzungusha nati upande wa kushoto, na ule wa oksijeni upande wa kulia. Nati ya gesi huwa na vikato pembeni ili itambulike. Aliyebuni hivyo hakuwaamini mafundi kwamba watakumbuka daima, na alifanya vyema kutowaamini.

Namna nyingine ya kumlinda fundi ni kufuli. Nchini Marekani kanuni ya kufungia vyanzo vya nishati kwa kufuli na kibandiko ilitolewa mwaka 1989, na leo utaratibu huo unafahamika katika viwanda vingi duniani. Kabla fundi hajaingiza mkono ndani ya mashine, mashine inazimwa, chanzo chake cha umeme kinakatwa, na swichi kuu inatiwa kufuli. Kila fundi anaweka kufuli lake mwenyewe na kukaa na ufunguo wake mfukoni. Wakiwa watano, swichi inakuwa na kufuli tano. Wa mwisho kumaliza ndiye anayeiachia mashine, na hakuna msimamizi, hata awe na haraka kiasi gani, anayeweza kuiwasha kabla yake.

Hatua inayosahauliwa zaidi ni ile inayofuata: kujaribu kuiwasha. Fundi anarudi kwenye kitufe, anakibonyeza, na kuhakikisha kwamba mashine haiwaki. Hapo ndipo hugundulika kwamba swichi iliyofungwa ilikuwa ya mashine ya jirani.

Umeme pekee hautoshi kuangaliwa. Mvuke uliobaki kwenye bomba, mafuta yenye mgandamizo ndani ya jeki, springi iliyokazwa, mzigo ulioning’inizwa juu, na hata miwa iliyojazana kwenye mkanda wa mteremko, vyote vina nguvu ya kuua baada ya umeme kukatwa. Nguvu hiyo nayo ni lazima iachiliwe au izuiwe kwanza.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutembelea kiwanda kimoja ambako mafundi walikuwa ndani ya mashine kubwa ya kuchanganyia malighafi. Kwenye swichi kuu kulikuwa na kipande cha boksi kilichofungwa kwa kamba, kimeandikwa kwa kalamu ya wino: “USIWASHE MAFUNDI NDANI”. Feni ya ukutani ilikuwa ikikipeperusha. Kufuli la kawaida la kufungia mlango lingetosha kabisa kwa kazi ile, na thamani yake haifiki hata nauli ya msafara uliotupeleka pale.

Tukirudi kwa waendeshaji wa mitambo, nao wana mitego yao, na mingi imejengwa ndani ya chumba chao. Alfajiri ya Machi 28, 1979, yapata saa 10, kinu cha pili cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilipata hitilafu. Vali moja ya kupunguza mgandamizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, lakini ikakwama na kushindwa kujifunga. Katika meza ya waendeshaji, taa ilionyesha kwamba imefungwa. Taa ile haikuwa imeunganishwa na vali yenyewe. Ilichoonyesha ni kwamba amri ya kufunga imetumwa.

Waendeshaji waliiamini. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupozea kinu yaliendelea kutoka huku wao wakidhani yamezidi, na wakapunguza maji yaliyokuwa yakiingizwa na pampu za dharura. Zaidi ya kengele 100 zililia katika dakika za mwanzo. Kana kwamba hiyo haitoshi, vali nyingine za maji ya akiba zilikuwa zimeachwa zikiwa zimefungwa, na taa ya mojawapo ilizibwa na kadi ya matengenezo iliyoning’inia juu yake. Kadi iliyowekwa kwa ajili ya usalama iliificha hatari.

Kuhusu kengele, mfano wa wazi zaidi ni wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Milford Haven, Wales, Julai 24, 1994. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275. Ni wastani wa kengele moja kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Hakuna binadamu anayeweza kusoma, kuelewa na kuchukua hatua kwa mwendo huo. Watu 26 walijeruhiwa, na ilikuwa bahati kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili na watu kazini walikuwa wachache. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakisisitiza kwamba kengele isiyomtaka opereta afanye jambo mahsusi iondolewe, kwani kazi yake ni kumzoesha kuzima sauti bila kuangalia.

Kisha kuna uchovu. Ajali ya Three Mile Island ilianza alfajiri, ya Chernobyl mwaka 1986 ilitokea saa 7:23 usiku, na gesi ya sumu ya Bhopal, India, ilianza kutoka karibu na saa 6 usiku kati ya Desemba 2 na 3, 1984. Ajali hizo zilikuwa na sababu nyingi, na si haki kuzitupia zote usingizi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la kisayansi la Nature ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi hakimruhusu dereva kushika usukani. Viwanda vingi humpima pombe mfanyakazi getini. Usingizi haupimwi na mtu.

Katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texas City, Marekani, kilichokuwa cha kampuni ya BP, wachunguzi walibaini kuwa baadhi ya waendeshaji walikuwa wamefanya kazi saa 12 kwa siku kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Machi 23, 2005, walikuwa wakiuwasha mtambo uliokuwa umesimama kwa ajili ya matengenezo. Mafuta yaliingizwa kwenye mnara kwa zaidi ya saa tatu bila kutolewa upande wa pili. Kipimo cha kina kilidanganya kwamba mafuta yanashuka, kengele ya juu haikulia, na skrini haikuwaonyesha pamoja kiasi kinachoingia na kinachotoka. Mafuta yakafurika na kulipuka, wakafa watu 15 na wengine 180 wakajeruhiwa.

Zamu ya usiku ndiyo iliyoanza kuujaza mnara huo. Katika daftari iliyoachia zamu ya asubuhi, maelezo yalikuwa ya mstari mmoja, wala haukueleza kwa uwazi mafuta yamefika wapi.

Kukabidhiana zamu ni jambo ambalo viwanda vyetu vingi hulichukulia kama salamu. Anayetoka anawahi daladala, anayeingia amechelewa kwa foleni, wanakutana getini na kuambiana “huko shwari tu”. Makabidhiano ya kweli hufanywa uso kwa uso, mbele ya mtambo au skrini, daftari likiwa wazi, na anayepokea akirudia kwa maneno yake alichoelezwa. Jambo la kwanza kuulizwa ni kazi gani za matengenezo ziko wazi na nini kimefunguliwa. Dakika 15 za kupishana zamu inafaa zilipwe na mwajiri, vinginevyo hazitafanyika. Hilo ni suala la mishahara, na ndiyo maana hukwama.

Ipo pia njia ya Wajapani ambayo mgeni akiiona mara ya kwanza hucheka. Dereva wa treni au opereta wa mtambo anakinyooshea kidole kifaa anachokikagua na kutamka kwa sauti hali yake: “Vali namba tatu, imefungwa, sawa!” Taasisi ya utafiti wa reli ya Japani ilipoupima utaratibu huo mwaka 1994, ilikuta makosa katika kazi rahisi yamepungua kwa karibu asilimia 85. Kidole na sauti huilazimisha akili isitangulie macho.

Ukaguzi wa mtu wa pili nao husaidia, ingawa una hila yake. Pale ambapo saini tatu zinahitajika, wa kwanza husaini akijua wawili watakagua, wa pili husaini kwa kumwamini wa kwanza, na wa tatu husaini kwa sababu wenzake wamesaini. Anayekagua anatakiwa aende mwenyewe akaangalie, bila kuambiwa kwanza alichokikuta mwenzake.

Yote haya hayafiki mbali kama mfanyakazi anaogopa kusema. Kwa kila ajali inayojulikana kuna matukio mengi yaliyonusurika: spana iliyoanguka na kumkosa mtu, vali iliyofunguliwa kimakosa ikawahiwa. Mkosaji ndiye mwenye taarifa hizo, na akijua kwamba atakatwa mshahara hatazitoa. Usafiri wa anga ulipiga hatua kwa kukubali kupokea taarifa za aina hiyo bila kumwadhibu aliyekosea kwa nia njema, huku anayehatarisha wenzake kwa makusudi akiendelea kuwajibishwa.

Kisheria, mzigo ni wa mwajiri kwanza. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulioanzishwa mwaka 2001. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, inayotaka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati hizo zina nguvu ikiwa wajumbe wake ni watu wanaoshika spana, si maofisa peke yao.

Na kuna vibarua. Waliokufa Texas City wote 15 walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, waliokuwa ndani au kando ya ofisi za muda zilizowekwa jirani na mtambo. Hawakuwa na kazi yoyote kwenye mnara ule. Hakuna aliyewaambia kwamba asubuhi hiyo unawashwa, wala waondoke. Katika viwanda vyetu kibarua huchukuliwa getini asubuhi, jioni analipwa, na kesho anakuja mwingine. Mafunzo ya usalama kwake, pale yanapokuwepo, ni karatasi ya Kiingereza anayoitia saini.

Mitambo yenyewe nayo huja na lugha yake. Ipo yenye maandishi ya Kichina, Kijerumani au Kiingereza kwenye kila kitufe, na mwongozo wa kurasa mia kadhaa uliofungiwa kabatini ofisini kwa meneja. Tafsiri ya vitufe 20 au 30 vya kuendeshea mashine ni kazi ya siku moja kwa mhandisi na opereta wakikaa pamoja, na vibandiko vya plastiki vinachongwa mjini. Katika viwanda kadhaa mafundi wamejifanyia wenyewe: wameandika WASHA, ZIMA, RUDISHA NYUMA kwa kalamu nyeusi kando ya kila kitufe. Mahali vidole vinapogusa kila siku, wino umeshaanza kufutika.